Kudhibiti au kuthibiti? Sheria nzima inaharibika kwa herufi moja

Swali: Tunaandika rasimu ya sheria ya baiosefti, nchi yetu haijawahi kuwa nayo. Tuiite "usalama wa viumbe" au "usalama wa bayoteknolojia"? Na mamlaka ya kuthibiti mambo haya iwe na jina gani?

Jibu: Chukueni usalama wa bayoteknolojia. Ukisema usalama wa viumbe mtu anawaza tembo na majangili, wakati Itifaki ya Cartagena ya 2000, mkataba wa kimataifa wa mambo haya, inaongelea viumbe hai waliobadilishwa vinasaba kwa bayoteknolojia ya kisasa, na madhara wanayoweza kuleta kwa bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, na afya za watu. Hilo limeisha.

Sasa hiyo "mamlaka ya kuthibiti" jamani hapana! Naikuta kila siku, kwenye magazeti, kwenye hotuba, hadi kwenye mabango ya ofisi, na sasa inataka kuingia kwenye sheria. Kudhibiti ni kukishika kitu kisikuponyoke, kuthibiti ni kitu kuwa cha hakika, yote mawili ya Kiarabu ila mizizi mbalimbali kabisa.

Chukua "mamlaka itathibiti mahindi ya majaribio", yaani yaliyobadilishwa vinasaba. Maana yake nini? Kuyadhibiti ni kuzungushia shamba uzio, kuliweka mbali na mahindi ya jirani, kukata mbelewele kabla hazijamwaga chavua, kuchoma mabaki, halafu msimu unaofuata mkaguzi anarudi na buti zake kung'oa yaliyojiotea. Kuthibitisha ni pale wataalamu wanapopima kama ile protini mpya ya mahindi hayo inaleta mzio, wakaandika walichokiona. Itifaki yenyewe imezitenga hizi kazi, kifungu cha 15 ni kutathmini hatari, cha 16 ni kuzidhibiti, na hapo kwenye 15 nchi inayoingiza inaruhusiwa kumtaka msafirishaji afanye tathmini yeye. Kwa nchi yenye maabara chache huo ni msaada mkubwa sana, lakini kulinda lile shamba hakuna msafirishaji atakayekuja kuwafanyia, ni wakaguzi wenu na bajeti yenu, kwa hiyo mkichanganya maneno haya mawili, siku chavua ikivuka uzio wakili atasimama aseme sheria iliwapa kazi ya kuthibitisha tu, na atakuwa na hoja.

Kwa hiyo fungua rasimu, tafuta kila "thibiti", ila usiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mpigo. Zisome moja moja, zipo zinazotakiwa kuwa "thibitisha".