Maswali ya Wasomaji: Pumu ya Ngozi na Kiangazi cha Dodoma

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 4 na ana pumu ya ngozi tangu alipokuwa mchanga. Tulipokuwa Tanga ilimtokea kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti wakati wa joto kali, kisha ikatulia. Januari tulihamia Dodoma kikazi, na tangu Juni ngozi imemkauka mwili mzima, imepasuka, na usiku anajikuna mpaka shuka linaingia damu. Duka la dawa walinipa tyubu ya mchanganyiko inayomtuliza siku chache, kisha ugonjwa unarudi kwa nguvu zaidi. Mama mkwe anataka nimwachishe mayai, maziwa na samaki, na ikishindikana mtoto arudishwe Tanga. Nifanye nini?
Mama wa mtoto mmoja, Dodoma

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa kukesha.

Ngozi yenye pumu, ambayo wengine huiita ukurutu, ina udhaifu katika tabaka lake la juu, lile linalopaswa kuzuia maji ya mwili yasitoke na vumbi, sabuni na vijidudu visiingie. Tanga hewa imejaa unyevunyevu, kwa hiyo kilichokuwa kikimchokoza huko ni jasho linalotuama katika mikunjo. Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hupata karibu mvua yake yote kati ya Desemba na Aprili, na ifikapo Juni upepo mkavu pamoja na baridi ya usiku huyanyonya maji katika ngozi ambayo tangu awali haikuweza kuyahifadhi. Ugonjwa ni uleule, lakini matunzo yaliyotosha Tanga hayamtoshi tena.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni uchache wa mafuta. Mtoto wa umri huo aliyekauka mwili mzima anahitaji takribani gramu 250 za mafuta mazito kwa wiki, kwa hiyo nunua kopo kubwa la mafuta ya mgando yasiyo na manukato, wala usishtuke likiisha upesi. Mwogeshe mara moja kwa siku kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, bila dodoki. Sabuni iwe isiyo kali na ipite penye uchafu tu, kwa sababu maji mengi ya visima ni magumu, yale yasiyotoa povu upesi, na huacha mabaki ya sabuni yanayouchokoza mwili. Ukimaliza, mkaushe kwa kumgusagusa na kanga iliyolainika, kisha mpake mafuta ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na majimaji, na urudie mchana na kabla ya kulala. Mafuta ya nazi safi uliyoyazoea Tanga yanafaa pia pasipo na vidonda. Ya zeituni yaache, kwani yameonekana kulidhoofisha tabaka hilo la juu. Blanketi la sufu lisimguse. Tanguliza shuka la pamba, na kucha zake zikatwe fupi.

Kuhusu tyubu, nina wasiwasi mkubwa. Michanganyiko hiyo aghalabu huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), antibayotiki na dawa ya fangasi kwa pamoja, na steroidi kali ikipakwa ovyo kwa majuma mengi huifanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba. Usimpake usoni, na uende nayo hospitali ili waione. Hata hivyo usiiogope kila steroidi: haidrokotisoni ya asilimia 1 usoni, au steroidi ya nguvu ya wastani mwilini kwa maelekezo ya daktari, ikipakwa siku chache mpaka ngozi ilainike, ndiyo tiba sahihi. Dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Ulizia tabibu wa ngozi katika hospitali ya rufaa ya mkoa; hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiwafunza matabibu wa fani hiyo tangu 1992.

Vyakula usimkatie kwa kubahatisha, isipokuwa umeona mwenyewe kwamba akila kitu fulani anavimba au anatapika muda mfupi baadaye. Katika ngozi nyeusi uvimbe hauonekani mwekundu bali wa zambarau au kijivu, na mabaka meupe yanayobaki baada ya kupona hurudi rangi yake baada ya miezi. Ila ukiona maganda ya njano, usaha, homa, au malengelenge madogo mengi yenye maumivu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kumrudisha Tanga sioni sababu, kwa kuwa jasho la Desemba litamsubiri hukohuko. Mwambie mama mkwe akusaidie kwa kukutumia mafuta ya nazi.