Barua kwa mwanangu: jirani wa upande wa ukuta

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa miwani ya baba yako. Unasema tangu jirani ajenge ukuta na kumega mita mbili za kiwanja chako, umeacha kwenda sala za jumuiya, zile tunazosali majirani Wakatoliki kwa zamu nyumba kwa nyumba, kwa kuwa na yeye ni mwanajumuiya. Misa huachi, zaka unatoa. Kisha unaniuliza: "Mama, siwezi kumpenda Mungu moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu huyu?"

Kwanza kiwanja, maana najua ndicho kinachokunyima usingizi. Mita mbili si kitu kidogo. Tuliambiwa mwaka 1973 kwamba Dodoma itakuwa makao makuu, tukazoea kusubiri; Serikali ilipoanza kuhamia kweli mwaka 2016, hata vumbi lilipanda bei. Chukua hati yako, mwone mwenyekiti wa mtaa, aitwe mpima aitafute bikoni, lile jiwe la mpaka. Kusamehe si kugawa ardhi ya wanao, na mtu asikudanganye kwamba Mkatoliki mzuri hunyamaza akidhulumiwa.

Ila swali lako si la bikoni.

Yule mwalimu wa sheria alimwuliza Yesu amri iliyo kuu, moja tu. Akajibiwa mbili, ya kwanza kumpenda Mungu. Ile ya pili imetoka Walawi 19:18, na watu wengi huianzia katikati. Mwanzo wake unakataza kisasi, unakataza na kinyongo, ndipo unafika kwenye "umpende jirani yako kama nafsi yako". Kumbe waliokuwa wakiambiwa ni watu waliokwisha kukosana! Najua na wewe utanitafutia Kumbukumbu la Torati 27:17, "alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake". Ipo, sikatai. Nakuomba tu usiichague siku ya zamu yako kuongoza sala.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Ulikuwa darasa la pili. Mbuzi wa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo waliingia kwenye mtama wetu usiku, asubuhi tukakuta mabua. Hakulipa hata debe moja. Nilikaa miezi bila kumsalimia. Nikimkuta kisimani, nageuza na ndoo yangu. Kisha zamu ya jumuiya ikafika nyumbani kwake. Nilikwenda kwa sababu kitabu cha nyimbo kilikuwa kwangu, wala si kwa utakatifu. Ndani mlikuwa na kigoda kimoja. Akakifuta kwa pindo la kitenge, akanisogezea, yeye akakaa chini kwenye ngozi. "Mbukwa," akanisalimia kwa Kigogo.

Tukaanza Sala ya Mapendo. "Mungu wangu, nakupenda zaidi ya chochote" niliitamka kwa sauti ya kuongoza kwaya. Tulipofika "nampenda na jirani yangu kama nafsi yangu, kwa ajili yako", koo likakauka, wenzangu wakamalizia bila mimi. Yeye alikuwa anaitazama miguu yangu.

Sala hiyo nilikuwa naisema tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, lakini lile "kwa ajili yako" nililisikia siku ile. Sikuwa naambiwa nimpende kwa sababu ni mwema, au kwa sababu mbuzi wake sasa wanafungwa. Mtama hajanilipa mpaka leo. Nilimwitikia tu salamu yake, na kesho yake kisimani sikugeuza ndoo. Ndiyo yote niliyoweza mwaka ule. (Baba yako anasema niliweza kidogo sana. Yeye hakulipalilia shamba lile.)

Parokiani unaweza kuchagua benchi la mbali, hata Misa ya kwanza au ya pili, usikutane naye. Jumuiya inafuata nyumba zilivyopangana, humchagui mtu. Nadhani ndiyo maana maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliikazia sana miaka ile ya 1970.

Halafu soma tena Mathayo 5:23, taratibu. Ukileta sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako "ana neno juu yako", iache, ukapatane naye kwanza. Haikusema wewe una neno juu yake. Mwanangu, maji ya bafuni kwako yanatiririkia wapi? Nilipokuja Pasaka nilizunguka nyuma ya nyumba. Niliona.

Nimempa konda wa basi la asubuhi viroba viwili vya unga wa uwele. Kikubwa ni chenu. Kile kidogo, nilichokifunga kwa kamba nyekundu, kinakwenda upande wa pili wa ukuta. Kama miguu yako bado mizito, mpe mkwe wangu akipeleke.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako,
Bahi, Dodoma