Seva moja ikizimika, watumiaji wasitolewe nje
Ndugu, unauliza kwa nini watumiaji wanatolewa nje seva moja ikizimika, ingawa una seva mbili. Nginx, programu inayogawa maombi kati ya seva zako, inafanya kazi yake, kwani seva ya kwanza ikizimika maombi yanahamia ya pili. Ila taarifa za kuingia za watumiaji wako zilibaki kwenye kumbukumbu ya seva iliyozimika, ndiyo maana wanaombwa nywila upya. Zihamishie Redis (programu ya kuhifadhi data kwenye kumbukumbu), kwenye mashine ya peke yake, ili seva zote mbili zizisome, kisha uondoe ip_hash, agizo la Nginx linalompeleka kila mteja kwenye seva ileile kwa kufuata anwani yake ya IP, ambalo hata hivyo halikubali kutumiwa pamoja na backup, yaani alama ya seva ya akiba. Usipoandika chochote, max_fails (idadi ya makosa yanayovumiliwa) ni 1 na fail_timeout (muda wa kuyahesabu, na wa kuiweka seva kando) ni sekunde 10, yaani kosa moja tu linatosha kuiweka seva kando; mimi huandika max_fails=3. Ombi la POST, yaani la kutuma data kama vile malipo, likishatumwa kwa seva moja, kwa kawaida Nginx hairudii kulituma kwenye seva nyingine, na afadhali, mteja asije akalipishwa mara mbili.