Kipupwe kikiingia, vidole vyangu vinakuwa kama vya maiti

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 27, ni mkulima wa viazi mviringo hapa Makete. Hiki ni kipupwe cha tatu: nikishika maji asubuhi au nikianza kuvuna kabla jua halijatoka, vidole vitatu vya kila mkono vinageuka vyeupe na kufa ganzi. Baadaye vinaingia rangi ya zambarau, na joto likirudi vinakuwa vyekundu, vinauma na kuwaka. Inachukua kama dakika 20. Jirani anasema damu yangu imekuwa nzito, ameniletea dawa ya unga ya kusafisha damu na kunishauri ninywe komoni kidogo kila asubuhi. Je, ni kweli damu ni nzito? Na mama yangu mwenye kisukari analalamika miguu ya baridi usiku kucha, hulala ameielekeza kwenye jiko la mkaa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na mama, kwa sababu barua yako ilipofika kwenye jiko la mkaa nilisita kuendelea kusoma. Usiku wa leo jiko hilo lisilale chumbani.

Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa. Hatari ya pili ni ya mama peke yake: kisukari cha miaka mingi huweza kuua mishipa ya fahamu ya miguuni. Nimewapokea wagonjwa waliogundua asubuhi kwamba unyayo umetoka malengelenge, na usiku hawakusikia chochote. Kidonda cha namna hiyo ndicho kinachoanzisha safari ya kukatwa mguu. Kwa hiyo hata chupa ya maji ya moto kitandani hapana. Mvalishe soksi za sufu zisizobana, mwongezee blanketi, na maji ya kuoga uyapime wewe kwa kiwiko chako. Kila jioni mkague nyayo na katikati ya vidole.

Kuna jambo moja la kuchunguza. Mama anaposema miguu ni baridi, iguse kwa mgongo wa kiganja chako. Ukiikuta ina joto la kawaida, huenda kinachomdanganya ni mishipa ya fahamu, na dawa yake ni tofauti. Lakini mguu mmoja ukiwa baridi kuliko mwenzake, vidole vikianza kuwa vyeusi, au akitembea kidogo misuli ya nyuma ya mguu inamkaza mpaka asimame, basi huenda mishipa ya damu imesinyaa ndani. Hospitali hupima presha ya kifundo cha mguu na kuilinganisha na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9 ni dalili ya kuziba. Kwa wenye kisukari kipimo hiki huweza kuonyesha namba nzuri ya uongo, kwa sababu kuta za mishipa zimekuwa ngumu, hivyo mwambie daktari kwamba ana sukari hata kama hajauliza. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiukande wala usiuchue. Hapo baridi haihusiki, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa wewe. Damu yako haijawa nzito. Ugonjwa wa damu nzito upo, lakini hugunduliwa maabara kwa kipimo cha damu, na unga wa jirani hautautibu. Unachonieleza, nyeupe kisha zambarau kisha nyekundu, kilielezwa mwaka 1862 na daktari Mfaransa Maurice Raynaud, na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake. Mwili hulinda joto la ndani, karibu nyuzi 37, kwa kufunga mishipa midogo ya vidoleni ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Kila mtu mwili wake hufanya hivyo. Wako unafunga kwa pupa na kuchelewa kufungua. Hofu na wasiwasi navyo huweza kuufungisha, hata siku isiyo na baridi kali.

Hapo ndipo penye kosa ninaloliona kila mwaka wilaya za baridi: watu wanapigania vidole na kusahau kiwiliwili. Mkulima anavaa glavu nzuri juu ya shati moja la pamba. Mwili ukiona kifua kinapoa hautapeleka damu vidoleni hata uvae glavu mbili. Kifua kikipata joto la kutosha, mishipa ya vidole hufunguka yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani kunywa uji wa moto, vaa fulana ya ndani, sweta la sufu na koti la kuzuia upepo, funga kitambaa shingoni, vaa kofia. Kwenye mitumba tafuta sufu halisi. Sufu ikilowa bado inatunza joto, pamba ikilowa inakunyonya.

Glavu zivaliwe ukiwa bado ndani, vidole vikiwa na joto. Zilizo bora ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja katika mfuko mmoja, ila najua huwezi kuvunia viazi nazo. Zivae njiani, na shambani vaa za kawaida. Ukifua au kuosha vyombo, vaa glavu za mpira juu ya nyembamba za sufu, na changanya maji na ya moto kutoka kwenye birika. Mabuti ya mpira yana tatizo lake: jasho halitoki, na miguu ikikaa na unyevu wa baridi kwa saa nyingi huumia hata pasipo na barafu. Beba soksi kavu, ubadilishe saa nne asubuhi. Soksi mbili ndani ya buti linalobana ni mbaya kuliko moja, maana zinaiminya mishipa uliyotaka kuisaidia. Kama mavuno yanaruhusu, anza jua likishatoka.

Vidole vikishageuka, ingia mahali pasipo na upepo na uzungushe mikono kama pangaboi mpaka damu isukumwe kwenye ncha. Kisha viweke kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu. Usivipeleke motoni wala usivisugue, maana vikiwa na ganzi vinaungua bila wewe kujua. Komoni nayo iache: pombe hufungua mishipa ya ngozi, ukasikia joto, na joto lenyewe ndilo hilo linalokutoka. Sigara hubana mishipa, hata ya kuvuta mara mojamoja.

Angalia pia dawa unazotumia. Propranolol, ambayo wengi hupewa kwa presha au kipandauso, huweza kuzidisha hali hii, vilevile ergotamine, nayo ya kipandauso, na baadhi ya vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine. Usiache dawa ya daktari peke yako, mwulize kama ipo mbadala. Mitetemo nayo huleta vidole vyeupe, kwa hiyo kama uliwahi kushika msumeno wa injini, kama vijana wa mashamba ya miti ya Sao Hill, taja.

Kwa umri wako, mikono yote miwili, bila kidonda, yaelekea ni aina isiyo na ugonjwa mwingine nyuma yake. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeona vidonda kwenye ncha za vidole, ngozi kukaza na kung'aa, viungo kuvimba, chakula kukwama kooni, upele usoni, au mkono mmoja tu. Hata hivyo nenda ukapimwe mara moja. Daktari ataangalia ngozi ya mzizi wa kucha kwa lenzi na pengine kuagiza vipimo vya damu. Joto na mavazi yasipotosha, zipo dawa za kulegeza mishipa kama nifedipine, ile inayofanya kazi polepole mwilini. Hushusha presha, huweza kuleta maumivu ya kichwa na kuvimbisha miguu, kwa hiyo usiinunue duka la dawa bila kupimwa, na kama una ujauzito sema mapema.

Kitakachomsaidia sana daktari ni picha. Ukifika hospitali vidole vitakuwa vimesharudi, na wengine huambiwa hawana kitu. Siku vikigeuka, mwombe mtu avipige kwa simu. Kwenye ngozi yetu nyeusi mgongo wa kidole hauonyeshi vizuri, basi apige upande wa kiganja na kucha, mara tatu: vikiwa vyeupe, vikiwa zambarau, na damu ikisharudi.