Rangi Ikinuka Bado Haijakauka

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimepuliza rangi nyekundu kwenye bodi ya modeli yangu, ikatoka nzuri, nikaenda kula. Niliporudi nikakuta imeota weupe kama mtu aliyejipaka poda. Nimeweka akiba miezi minne kuinunua. Nifanyeje?" Akatuma na picha.

Marahaba, mdogo wangu. Jibu fupi nilikupa usiku uleule. Hili ni lile refu, na nimeliweka hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Sote tunaounda modeli za magari kwenye mwambao huu tunataka kitu kimoja: bodi inayong'aa mpaka taa ya dari ionekane ndani yake. Na sote tunapuliza rangi kwenye hewa iliyojaa maji. Weupe ule niliujua kabla sijamaliza kuifungua picha yako, maana mimi uliniliza.

Baba yangu alikuwa fundi wa rangi za magari hapa Mombasa, gereji za Changamwe. Nikiwa na miaka 7 kazi yangu ya likizo ilikuwa kumbebea msasa na ndoo ya maji. Kaka zangu waliunda magari ya waya kama watoto wote, magurudumu ya ndara zilizochakaa, usukani mrefu wa kuendeshea ukiwa umesimama. Mimi la kwangu nililiundia bodi ya kopo la mafuta ya kupikia, kisha nikamwomba baba tone la rangi iliyobaki kwenye bunduki yake ya kupulizia rangi. Mtaa mzima hapakuwa na gari jingine la waya lenye rangi halisi ya Peugeot 504. Mpaka leo nikilikumbuka nafurahi.

Baba alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila Pasaka. Mwaka 1971, akiwa na miaka 19, alisimama kando ya barabara ya udongo kusubiri Safari Rally. Mbio hizo zilianza 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengine wakisimulia husimulia mwendo na ajali. Baba alisimulia rangi. Ilipita Datsun 240Z, nyekundu, nambari 11 mlangoni, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisimrudi dereva machoni. Ndani walikuwemo Edgar Herrmann na Hans Schüller, waliokuwa wameshinda pia mwaka mmoja kabla yake. Wakashinda tena, na miaka miwili baadaye Shekhar Mehta naye akashinda kwa 240Z. Baba alisema wekundu wa gari lile ulionekana hata chini ya vumbi, na kwamba siku ile ndiyo aliyoamua kujifunza kupaka rangi.

Kwa hiyo nilipogundua kuwa Hasegawa, kampuni ya modeli ya Japani, ina seti ya vipande vya kuunganisha vya gari lilelile la 1971 kwa kipimo cha 1/24, yaani dogo mara 24 kuliko halisi, sikufikiri mara mbili. Gari halisi lina mita 4 na kitu. Modeli yake ni kama sentimita 17, inakaa kiganjani. Ukijumlisha usafiri na ushuru, ilinigharimu zaidi ya kodi ya chumba changu cha kwanza. Sikumwambia mtu bei yake. Tayari shemeji yangu mmoja alishasema harusini, mbele ya wageni, kuwa mwanamke wa umri wangu kabati lake linapaswa kuwa na vyombo vya kauri, si vigari vya watoto. Watu wakacheka. Nilinyamaza, nikaendelea kugawa sahani. Maneno yale bado yananichoma.

Nilitaka kumpelekea baba gari hilo Idi ya mwaka 2024. Macho yake yalikuwa yanaanza kufifia, mtoto wa jicho, na niliogopa kuchelewa. Hapo ndipo pa kosa langu. Sikukosea rangi wala gundi. Nilijiwekea siku, halafu nikataka plastiki inifuate.

Kuunda kwenyewe kulienda vizuri, sina haja ya kukueleza kila kipande. Niliosha sehemu zote kwa sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta yanayoifanya ichomoke kwenye kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Nikasugua mistari ya maungio kwa msasa namba 600, kisha 1000. Nikapuliza rangi ya chini ya kijivu, halafu nyekundu. Huku kwetu makopo ya rangi ya kupuliza ya Tamiya, kampuni nyingine ya modeli ya Japani, hayapatikani kirahisi, kwani ndege hazipendi kubeba makopo yenye gesi, kwa hiyo mimi hutumia duko, rangi ya magari, kutoka duka la rangi, nililolipunguza kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi, na bunduki ndogo ya ukubwa wa kalamu. Inafaa sana, ila jihadhari: tina ya magari ni kali kuliko plastiki yetu inavyostahimili. Bila rangi ya chini, na bila kupuliza kidogokidogo, itaitafuna bodi mpaka iwe kama uso wa mkate wa mofa.

Nyekundu ilitoka vizuri mno. Boneti nikaifunga kwa utepe, nikapuliza nyeusi. Nikabandika stika za maji, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, nambari 11 kila mlango. Imebaki siku moja Idi. Kilichobaki kilikuwa ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika magharibi, mitaro bado inatiririka. Nikajiambia mvua si imekatika. Nikapuliza. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, badala ya kupitisha mara tatu nyepesi nikapitisha moja nzito.

Dakika kumi baadaye gari lote lilikuwa na ukungu mweupe, na nambari 11 ya mlango wa kulia imejikunja kama ngozi ya mkono uliokaa sana kwenye maji. Nilikaa jikoni sakafuni nikalia. Siku ya Idi nilienda kwa baba na halua.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana ukikielewa hutakirudia. Tina inapoondoka kwenye rangi huondoka na joto. Paka spiriti mkononi utasikia baridi; ni jambo lilelile. Bodi hupoa ghafla, na hewa iliyoigusa, ikiwa imeshiba maji, huyaangusha juu yake kama glasi ya sharubati ya baridi inavyotoa jasho mezani. Yale maji hunaswa ndani ya rangi kabla haijafunga. Ndio huo weupe wako, kijana wa Tanga. Wala rangi uliyouziwa haikuwa mbovu. Mlango wangu nao uliharibiwa na tina: stika ni utando mwembamba, na tina nyingi kwa mkupuo mmoja huulainisha mpaka ukakunjamana.

Weupe ukiwa kidogo, subiri siku kavu, kisha puliza juu yake tina tupu, nyepesi kama pumzi, kwa mbali. Rangi italainika kidogo na maji yatapata njia ya kutoka. Wangu haukuwa kidogo. Nilimpigia baba simu, nikamuuliza kama vile naulizia gari la mtu. Akasema: "Vua yote. Rangi iliyolala juu ya kosa huliona kosa kila siku."

Ya kuvulia haikuwa mbali. Mafuta ya breki, DOT 3, yale yanayouzwa kila duka la vipuri. Rangi huyavumilia muda mfupi tu, plastiki ya modeli haidhuriki. Vaa glovu, tumia chombo chenye kifuniko ambacho hakitarudi jikoni tena, weka mbali na watoto. Nililoweka bodi usiku mzima, asubuhi nikasugua kwa mswaki wa zamani. Rangi ilitoka kwa vipande kama magamba ya samaki. Kazi ya wiki tano ilizama ndani ya beseni.

Karatasi ya stika peke yake sikuipata. Nilinunua seti nzima nyingine kwa sababu ya nambari mbili. Naam, nilifanya hivyo, na sijutii.

Mara ya pili nilikataa kuweka siku. Nilisubiri hadi kaskazi, Januari, nikawa napuliza saa saba mchana tu, wakati unyevu umeshuka. Nina kipimo kidogo cha unyevu ukutani, na kikizidi asilimia 70 sishiki bunduki, hata kama nina hamu namna gani. Na nilirudi kwenye kanuni ya gereji ya baba, ambayo ndiyo niliyotaka kukupa tangu mwanzo: nusa. Rangi ikiwa bado inanuka tina, bado haijakauka, hata kama kidole hakinati. Usiishike, usiibandike stika, usiipitishe rangi nyingine juu. Ifunike na beseni kuzuia vumbi, ondoka, rudi kesho unuse tena. Nyekundu yangu ya pili iliacha kunuka siku ya tisa. Ile ya kwanza niliipa siku mbili.

Rangi ya kung'arisha niliipitisha mara tatu kavukavu juu ya stika, robo saa kati ya moja na nyingine, ndipo nikapitisha moja ya kulowanisha. Nikanusa kwa wiki mbili. Halafu msasa 2000 na maji, halafu kampaundi, dawa ya kusugulia rangi ing'ae, ileile ya gereji. Vioo nilivibandika kwa gundi nyeupe ya karatasi. Usithubutu kutumia supa gluu karibu na kioo; mvuke wake hukiacha na ukungu wa kudumu.

Lilibaki jambo moja ambalo ndugu zetu wa Ulaya huligombania sana, nalo ni vumbi. Wengi hutaka gari safi kama la dukani. Mimi naona gari la Safari lililo safi ni uongo. Nilimwomba rafiki aniletee udongo wa Voi, ule unaowapaka tembo wa Tsavo wekundu wao. Lakini usiupake hivihivi. Chembe ya milimita moja, kwa kipimo cha 1/24, ni jiwe la milimita 24. Gari lako litaonekana limemwagiwa kokoto. Niliutwanga kwenye kinu, nikauchuja kwa kitambaa mara mbili, nikaupaka kwa brashi laini chini ya milango na nyuma ya magurudumu, kisha nikaushika kwa rangi isiyong'aa. Juu ya paa sikuweka kitu. Wekundu ulitakiwa uonekane.

Nilimpelekea baba Februari, siku isiyo na sherehe yoyote. Macho yake sasa huona umbo na rangi, si zaidi. Alilishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya boneti, akakigeuza kwenye mlango, akainua gari mpaka puani. Akanusa kwa muda. Akasema, "Limekauka." Kisha akaniuliza udongo ule nimeutoa wapi.

Kwa hiyo ninyi mnaoniandikia mkiuliza bunduki gani nzuri na rangi ya nchi gani, mniwie radhi nikisema mnauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Nimeunda modeli 23. Zilizoharibika mikononi mwangu ni sita, na zote sita ziliharibika siku niliyokuwa na haraka: mgeni anakuja, nataka kupiga picha, nataka kumwonyesha shemeji. Hasa hiyo. Msiunde gari ili kumjibu mtu. Mkono wenye hasira hupuliza rangi nzito. Na akija mtu akakwambia mtu mzima hachezi na vigari, usibishane naye ukiwa umeshika bunduki. Iweke chini, ubishane, urudi kesho.

Na wewe wa Tanga, fanya hivi. Usinunue rangi nyingine kwanza. Angalia picha yako: weupe umekaa kwenye paa na boneti tu, milango imesalimika, kwa hiyo jaribu ile tina nyepesi, mchana, siku ya jua, kwenye paa peke yake. Ukiona umerudi wekundu, endelea na boneti. Weupe ukikataa kutoka, chukua mafuta ya breki. Bodi ikishatoka safi na kukauka, nitumie picha kabla hujapuliza chochote, uipige karibu na dirisha ili nione kama bado kuna mistari ya maungio.