Fundi, rimoti yetu imeachwa yatima

SWALI: Fundi, nina rimoti moja inayoamrisha vyote sebuleni: televisheni, kingamuzi na amplifaya. Niliinunua kwa ajili ya mzee wangu, maana mikono yake hutetemeka na zile rimoti tatu za mwanzo zilikuwa zinamchanganya. Siku hizi anabonyeza kitufe kimoja tu, tulichokiita "Habari", kila kitu kinawaka na chaneli yake inakuja. Sasa kampuni imetangaza kwamba haitengenezi tena rimoti hizi, na huduma ya mtandaoni "itaendelea kwa sasa". Hayo maneno mawili ya mwisho yananinyima usingizi. Mjukuu wangu anashauri tuifute yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani, halafu tuipange upya kabla mambo hayajaharibika. Rimoti mbili za asili zilishapotea. Nifanyeje?
Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kwanza kabisa mnyang'anye mjukuu hiyo rimoti, kwa upole. Ukiifuta, kuipanga upya kutadai akaunti, na akaunti inaishi kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mbali. Leo seva zipo. Siku zikizimwa, rimoti iliyofutwa itabaki kipande cha plastiki chenye taa.

Sasa tuone kipi kiko mkononi mwako na kipi kiko kwao. Mzee akibonyeza "Habari", kinachotoka ni mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, unaopepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, kwa mafungu marefu na mafupi. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, uitwao NEC, kila amri hufunguliwa na fungu refu la milisekunde 9, kimya cha milisekunde 4.5, kisha biti 32 (alama za sifuri na moja) zinazosema "wewe televisheni, ongeza sauti". Hapo hakuna intaneti. Rimoti nyingi za aina yako hubeba amri hizo ndani yake, au ndani ya kisanduku kidogo (si kingamuzi) ambacho baadhi huja nacho, kinachokaa karibu na televisheni na kutoa mwanga huo kwa niaba ya rimoti. Seva hutafutwa unapotaka kubadili kitu: kuongeza kifaa, kuhamisha kitufe, kuingia kwenye akaunti kwa simu mpya.

Usiniamini mimi, jaribu. Chomoa ruta ya intaneti, subiri dakika kama tano, bonyeza "Habari". Vyote vikiwaka, una muda wa kujipanga. Visipowaka, kazi ninayokupa hapa chini ifanyike wiki hii.

Hujaitaja kampuni, nami sitabahatisha. Ila maneno "kwa sasa" yana historia. Logitech ilitangaza Aprili 2021 kwamba inaacha kutengeneza rimoti za Harmony, ikaahidi kuendelea kuwahudumia waliokwisha kuzinunua. Lakini kampuni hiyo hiyo mwaka 2017 ilikuwa imetangaza kwamba kifaa chake cha zamani, Harmony Link, kingeacha kufanya kazi tarehe 16 Machi 2018, kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kinaisha muda. Wateja wakapiga kelele, na wenye Link wakapewa Harmony Hub bure. Wenye vifaa vya Insteon, swichi na taa za nyumbani zinazoamrishwa kwa simu, hawakupata hata tangazo: Aprili 2022 seva zilinyamaza tu.

Nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Mali iliyomo kwenye rimoti yako ni amri mbili: Washa na Zima, kila moja peke yake.

Rimoti ya kawaida ya televisheni ina kitufe kimoja chekundu. Ikiwa imezimwa, itawaka. Ikiwa imewaka, itazima. Sasa fikiria kitufe cha "Habari" kinachotuma amri hiyo ya kigeugeu kwa vifaa vitatu, na mtu alishaiwasha televisheni kwa mkono. Amplifaya inawaka, kingamuzi kinawaka, televisheni inazima. Mzee anabonyeza tena: televisheni inawaka, viwili vinazima. Hapo ndipo watu huanza kugombana na rimoti. Televisheni na amplifaya nyingi zina amri ya Washa isiyofanya lolote kama kifaa kimeshawaka, ila aliyekiunda hakuiweka kwenye rimoti ya asili. Kampuni yako ilizikusanya amri hizo kwenye hazina yake, na wewe unazo bila kujua.

Kwa hiyo, wakati programu ya simu bado inafungua, mjukuu aingie kwenye orodha ya amri za kila kifaa. Akiona Washa na Zima zimeandikwa mbalimbali, mbali na ile ya kigeugeu, aziweke kwa muda kwenye vitufe viwili vyovyote visivyotumika. Apige picha kila ukurasa wa mpangilio wenu: kipi kinawaka kwanza, sekunde ngapi zinasubiriwa, amplifaya inakaa kwenye tundu lipi. Bila picha hizo mtakuja kubishana kuhusu mambo ambayo leo mnayajua wote.

Kisha tafuta rimoti inayojifunza, ile yenye kumbukumbu yake yenyewe, isiyodai akaunti, na inayoweza kutuma amri kadhaa kwa mbonyezo mmoja. Rimoti za asili zimepotea, usihuzunike. Mwalimu wa hiyo mpya ni hii uliyo nayo. Zilazeni mezani zikitazamana, pua kwa pua, nafasi ya vidole vitatu katikati, mbali na jua la dirishani. Mpya iwe kwenye hali ya kujifunza, ya zamani ibonyezwe kidogo na kuachwa, si kukandamizwa. Kama yako hutumia kile kisanduku, huenda mwanga unatoka kwenye kisanduku na si mkononi. Basi mpya itazame kisanduku. Ukiona haijifunzi, ielekeze ya zamani kwenye kamera ya mbele ya simu ukiwa umebonyeza: kama inatoa mwanga, utauona ukimeta kwenye kioo cha simu. Kamera ya nyuma mara nyingi huuchuja, ndiyo maana watu hudhani rimoti imekufa.

Mengine kwa haraka. Kununua rimoti ya pili ya aina hiyo kama akiba kuna maana tu ikiwa utaipanga leo. Ikikaa kabatini bila kupangwa haina faida. Ukibadili ruta, ipe mpya jina na nenosiri lile lile la mtandao wa zamani, ili kisanduku kisijue kuna mgeni. Kifaa kinachoongozwa kwa Bluetooth hakitanaswa kwa njia hii, kitabaki na rimoti yake. Na kabla ya hayo yote, angalia kama televisheni inaweza kuiwasha amplifaya yenyewe kupitia waya wa HDMI. Samsung huita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Kuna nyumba ambazo baada ya kuwasha kitu hicho hazikuhitaji tena rimoti ya pamoja.

MWALIMU ALIANDIKA TENA: Fundi, marahaba, na asante. Tumepata Washa na Zima za televisheni na za amplifaya, kingamuzi tunakiacha kimewaka. Rimoti mpya imejifunza yote. Lakini chaneli ya mzee ni 115, na tukibonyeza kitufe chake kingamuzi kinaandika 15. Hata tukibonyeza namba moja moja kwa mkono ni hivyo hivyo. Mjukuu anasema rimoti ni mbovu, turudishe dukani.

JIBU: Msirudishe, Mwalimu. Kingamuzi chenu, naona, kinatumia mpangilio wa RC5 ulioanzishwa na Philips, au ndugu yake. Amri ya RC5 ina biti 14, na moja kati ya hizo hugeuka kila unapobonyeza upya. Kwa biti hiyo kifaa hujua kama umebonyeza 1 mara mbili au umeikandamiza tu. Rimoti mpya ilinasa mbonyezo mmoja, kwa hiyo kila mara inatuma ule ule, na kingamuzi kinadhani kidole hakijainuka. Moja ya pili inamezwa, 5 inapokelewa. Jambo hili lilinila jioni nzima, na nikaishia kufungua amplifaya ya watu isiyo na kosa.

Mjukuu anase namba 1 mara mbili kutoka kwa rimoti ya zamani, kwa mibonyezo miwili inayofuatana: wa kwanza kwenye kitufe cha 1, wa pili kwenye kitufe kisicho na kazi. Kisha kitufe cha "Habari" kitume cha kwanza, cha pili, halafu 5. Bado ikiandika 15, maana yake mibonyezo yote miwili aliyoinasa ina biti hiyo ikiwa upande ule ule. Anase tena ile ya pili; ikigoma bado, abonyeze ya zamani mara moja hewani, kisha arudie kuinasa.