Hati ni ya kwako, si ya gari: maswali yenu kuhusu bastola safarini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaosafiri na fedha au mzigo, wenye bastola za kujilinda walizopewa hati na polisi. Tumechagua saba. Majibu haya ni kwa wenye hati peke yao. Asiye nayo, hata kushika tu bastola ya mwenzake garini ni kosa chini ya Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970.

Ninanunua ufuta na maharage Arua, nauza Kampala, narudi na fedha taslimu. Bastola yangu ya milimita 9 naiweka chini ya kiti cha dereva, risasi ikiwa tayari kwenye chemba. Jamaa yangu ananigombeza. Kosa liko wapi? (Mfanyabiashara, Arua)

Jamaa yako anakupenda, ndugu. Chini ya kiti ndipo mahali pabaya kuliko pote garini. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwa ajili ya ng'ombe au lori lililosimama bila taa, bastola inateleza mbele mpaka miguuni, na inaweza kukwama nyuma ya pedali ya breki yenyewe. Halafu kuna kile usichokiona: chini ya kiti mna reli, springi na nyaya. Kitu chochote chembamba kinaweza kuingia kwenye kinga ya kifyatulio, na ukiivuta bastola kwa haraka, kifyatulio kinabaki nyuma huku bastola inakuja mbele. Risasi inapita kwenye paja lako au kwenye kiti cha abiria. Tena mkono unaopapasa bila macho hushika chochote unachokikuta, na mara nyingi hukuta kifyatulio.

Bastola ina mahali pawili tu garini. Pa kwanza ni mwilini mwako, kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na kushikwa na mkanda imara wa suruali. Ala laini ya kitambaa hujikunja na kusukuma kifyatulio, usiinunue. Vaa ala na bastola yako nyumbani, umesimama, kabla hujafungua mlango wa gari, na usiitoe mpaka ufike. Ajali nyingi za namna hii hutokea mtu akiwa ameketi, anarudisha bastola kwenye ala: shati limebanwa na mkanda wa usalama, pindo lake linaingia pamoja na bastola, linavuta kifyatulio. Ukiona lazima uirudishe, shuka, simama, inua shati kwa mkono wa kushoto, itazame ala, kisha ingiza bastola polepole, kidole kikiwa nje kabisa ya kifyatulio.

Pa pili ni kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa kwa kebo ya chuma kwenye reli ya kiti au ndani ya buti, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa kando. Utasema hapo haitakusaidia kwa ghafla. Ni kweli, na kwa safari nyingi ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kuhusu chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa: kama hufanyi mazoezi ya kulenga mara kwa mara chini ya mwalimu, endesha chemba ikiwa tupu. Njia ya Arua ni karibu kilomita 500 za mashimo, matuta na usingizi. Kwa mtu asiye na mazoezi, risasi iliyo chembani ni hatari kwake kabla ya kuwa hatari kwa mwizi.

Jambo moja zaidi kwa njia yako hiyo. Kati ya Karuma na Pakwach barabara inapita ndani ya hifadhi ya Murchison Falls. Silaha haziingizwi hifadhini bila ruhusa ya mamlaka ya wanyamapori, kwa hiyo pita moja kwa moja, usikate kona kuingia porini kupiga picha za tembo ukiwa na bastola kiunoni. Ukiwa na safari ya kuingia lango la hifadhi, iache nyumbani.

Kila jioni natoa risasi ya chemba, kila asubuhi nairudisha ile ile. Sasa naona ni fupi kuliko wenzake. Ni macho yangu? (Mzee mwenye duka, Bombo)

Si macho yako, mzee wetu, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuifyatua. Kila slaidi, kipande cha juu cha bastola kinachovutwa nyuma, inapoisukuma risasi ndani, kichwa chake hugonga ngazi ya chemba na kuzama kidogo ndani ya ganda. Mara moja si kitu. Mara nyingi, nafasi ya baruti inapungua, na kwenye ganda dogo la milimita 9 nafasi ikipungua presha hupanda sana. Ganda linaweza kupasuka, na bastola ikapasuka mkononi.

Simamisha risasi hiyo mezani kando ya mpya ya aina ile ile, kitako chini, na uziangalie kwa usawa wa macho. Ikiwa fupi kwa kiasi unachoweza kukiona, haifai tena. Usijaribu kuivuta kwa koleo. Iweke kando na uikabidhi polisi au kwa muuzaji mwenye leseni.

Na kwa kuwa unafanya kazi hiyo kila jioni, angalia mpangilio wako. Elekeza mtutu mahali salama, ndoo iliyojaa mchanga inatosha. Kwanza toa magazini, kasha la risasi lililo ndani ya mpini. Kisha vuta slaidi nyuma mpaka mwisho, risasi ya chemba iruke nje, uishike slaidi hapo. Tazama chemba, halafu ingiza ncha ya kidole kidogo uihakikishe, maana usiku macho hudanganya. Wanaoumia ni wale wanaogeuza: wanavuta slaidi kwanza, risasi inatoka, wanaachia, slaidi inachukua nyingine kutoka magazini, kisha wanatoa magazini na kuamini bastola ni tupu.

Nikifika kizuizini, niseme nina bastola au ninyamaze mpaka waione? (Dereva na mwenye gari, Masaka)

Sema, tena mapema. Askari akiigundua mwenyewe tayari una tatizo, hata hati ikiwa safi.

Punguza mwendo mbali, zima taa kubwa, na usiku washa taa ya ndani. Shusha kioo, weka mikono miwili juu ya usukani. Kiswahili ndicho lugha ya polisi na jeshi letu, kitumie bila haya: "Afande, habari za kazi. Nina bastola yenye hati, iko kiunoni upande wa kulia. Hati iko mfuko wa shati. Nifanyeje?" Kisha subiri. Usinyooshe mkono kuionyesha ilipo. Maneno yanatosha. Akitaka kuiona, mwache aamue kama utashuka, au kama ataitoa yeye mwenyewe.

Kosa linalorudiwa sana ni kuweka karatasi na bastola pamoja kwenye kiboksi cha dashibodi. Askari anaomba pamiti ya udereva, dereva anafungua kiboksi, na kitu cha kwanza askari anachokiona kwa tochi yake ni bastola ikiwa karibu na mkono wa mtu. Hapo maelezo huwa yamechelewa. Hati halisi, kitambulisho cha taifa na pamiti vikae mfukoni, mbali na bastola. Hakikisha namba iliyoandikwa kwenye hati ndiyo iliyochongwa kwenye bastola, hati haijapitwa na muda, na idadi ya risasi haizidi uliyoruhusiwa.

Na kama umekunywa hata chupa moja, bastola isipande gari. Kawunyemu, msako wa trafiki wa kupima pombe, ikikukuta na harufu mdomoni na silaha kiunoni, kosa la barabarani litakuwa dogo kuliko mengine utakayoulizwa.

Mume wangu huacha bastola garini, kisha mimi huchukua gari hilo hilo kuwapeleka watoto shule. Anasema ipo kihalali kwa kuwa ina hati. Ni sawa? (Mama wa watoto watatu, Mbale)

Si sawa, mama, na mwonyeshe jibu hili. Hati ni ya mume wako. Gari halina hati. Unapoondoka na gari hilo, wewe ndiye unayebeba silaha, na jina lako halimo popote. Ukisimamishwa njiani, wewe ndiye utakayejibu, na mume wako atajibu kwa kuiacha mikononi mwa asiyeruhusiwa.

Lakini sheria ni nusu tu ya jambo. Watoto hufungua kila kitu garini: kiboksi cha dashibodi, mfuko wa nyuma ya kiti, hata kizibo cha spea. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kuvuta kifyatulio kwa kidole kimoja huigeuza bastola imwelekee na kukisukuma kifyatulio kwa vidole gumba viwili, na hapo mtutu unautazama uso wake. Mwambie baba yao hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Desturi iwe moja nyumbani kwenu: bastola inashuka na mwenyewe, kila mara, hata akishuka kununua mkate. Kwa gereji na kwa waosha magari ni vile vile. Anayempa fundi ufunguo huku bastola imo ndani amempa fundi bastola. Na gari likiazimwa na shemeji au ndugu, mume wako alikague kwanza mwenyewe, viti vyote na buti.

Nataka kwenda Eldoret kupitia Malaba. Hati yangu ya Uganda itakubalika? (Msomaji, Tororo)

Haitakubalika. Kenya ina sheria yake ya silaha na hati yake. Ukivuka na bastola bila kibali cha huko utakamatwa kama mtu yeyote mwenye silaha haramu. Kwenye mipaka ya Busia, Mutukula, Katuna na Elegu ni hali hiyo hiyo. Malaba wakaguzi wa nchi mbili hukaa kituo kimoja, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubadili mawazo katikati. Ifungie kwenye sefu nyumbani, au zungumza na kituo chako cha polisi kikuhifadhie mpaka urudi, ukipewa karatasi ya mapokezi yenye namba ya bastola na idadi ya risasi. Kabla hujaondoka, pekua gari: risasi moja iliyodondoka chini ya zulia inatosha kukulaza mahabusu.

Kwa kweli bastola inasaidia mtu akivamiwa ndani ya gari? (Mwalimu, Kampala)

Mara chache kuliko wenye bastola wanavyoamini. Mwaka 2017 Andrew Felix Kaweesi, afisa mkubwa wa polisi, aliuawa Kulambiro ndani ya gari pamoja na dereva na mlinzi wake. Mwaka 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa Kawanda na mlinzi wake kando yake. Jenerali Katumba Wamala alinusurika Kisaasi mwaka 2021, lakini binti yake na dereva wake walifariki. Hao walikuwa na walinzi wenye bunduki. Anayekuvizia amekuchagulia mahali na sekunde, na wewe umefungwa mkanda.

Gari lenyewe ndilo kinga yako ya kwanza. Kwenye foleni acha nafasi ya kuona matairi ya nyuma ya gari lililo mbele yakigusa lami, ili uweze kukata kona bila kurudi nyuma. Milango ifungwe, vioo viwe juu, simu isikae dirishani. Ukiona magogo au mawe njiani usiku, usishuke kuyaondoa. Rudi nyuma au geuza. Anayeondoka mahali pale amejilinda.

Ukifyatua ndani ya gari, mlio wa milimita 9 unafika desibeli 155 hadi 160, na sikio huanza kuumia moja kwa moja kwenye 140. Hutasikia mtoto akilia kiti cha nyuma wala afande akikuamuru uweke chini. Risasi hupita mlango kama karatasi, na kioo cha mbele kilicholala huipindisha njia yake. Kando ya gari lako Kampala kuna bodaboda upande huu na muuza maji upande ule. Kila risasi unayoiachia ni yako mpaka itakapotua.

Mahakama itauliza kama maisha yalikuwa hatarini wakati ule na kama nguvu uliyotumia ilikuwa ya lazima. Kijana aliyechomoa simu na kukimbia hatishii maisha yako. Ukimpiga risasi mgongoni utashtakiwa, na ni haki ushtakiwe. Ikiwa umelazimika kufyatua, ondoka kwenye hatari, piga 999 au 112, omba msaada wa majeruhi hata kama ni mvamizi, usiokote maganda wala kusafisha bastola, na uwakabidhi polisi bastola wakifika.

Bastola yangu iliibwa garini Jinja siku tatu zilizopita. Nimekuwa nikiitafuta kimya kimya kwa sababu naogopa kunyang'anywa hati. Nifanye nini? (Jina limehifadhiwa)

Acha kuitafuta. Baada ya mauaji ya Abiriga mwaka 2018, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini, za serikali na za raia, zichukuliwe alama, ili ganda na risasi vitakavyookotwa kwenye tukio vielekeze kwenye bunduki iliyovifyatua. Yako ikitumika kesho kuua mtu, njia ya wapelelezi inaishia mlangoni kwako, nawe huna karatasi yoyote inayoonyesha ilikuwa imekutoka.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali ilipoibwa, leo. Beba hati, na uandike kwenye karatasi aina ya bastola, namba yake, idadi ya risasi na magazini, mahali gari lilipoegeshwa, saa uliyoliacha na saa uliyorudi. Sema ukweli kuhusu siku tatu hizo, maana kamera na mashahidi wanaweza kuzisema kabla yako. Usiondoke bila namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, iliyoandikwa kwa mkono wa askari, kisha ipeleke nakala kwa ofisi iliyokupa hati. Huenda ukasimamishwa umiliki. Bado nenda, na usisubiri Jumatatu.